Barua ya wazi: Funguo za Kituo cha Vijana ziko kwa nani?

Kwa:
Mheshimiwa Meya,
Mkurugenzi wa Manispaa,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
na maofisa wa Mipango Miji, Maendeleo ya Jamii, Utamaduni na Michezo.

YAH: KITUO CHA VIJANA KISICHOINGIWA NA VIJANA

Waheshimiwa, shikamooni, na poleni na majukumu.

Tafadhali rejeeni somo tajwa hapo juu. Rejeeni pia barua zetu tatu zilizotangulia. Ya kwanza tuliipeleka kwa mkono ofisi ya kata, ikagongwa muhuri mbele ya macho yetu. Ya pili ilifika masjala ya manispaa, nako ikagongwa muhuri. Ya tatu tulielekezwa kwa ofisa ambaye siku tuliyofika alikuwa semina, tukaiacha kwa msaidizi wake. Mihuri tunayo, majibu hatuna. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Jina la manispaa na la kata siyataji, kwa kuwa nia yetu si kumuumbua mtu. Wenyewe mnajijua, na nakala mnazo.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia sekondari na mzazi wa watoto wawili, mmoja miaka 14, mwingine 17. Naishi nyumba ya nne kutoka uwanja ninaouzungumzia. Naandika kwa niaba ya wazazi tuliotia saini barua zile, na zaidi kwa niaba ya vijana wenyewe, ambao walinipa sharti moja: "Mwalimu, usituandikie kama watoto wa chekechea." Nitajitahidi.

Kwa msomaji asiyeufahamu uwanja wetu, nieleze kidogo. Zamani ulikuwa vumbi tupu. Magoli mawili ya miti, mtaro pembeni, na upande wa magharibi mwembe mkubwa. Jioni wavulana walipiga chandimu katikati, wasichana walicheza rede karibu na mwembe, na wazee walikuwa na bao lao kwenye mizizi. Kisha ukaja mradi. Ukajengwa uzio wa chuma, vikatandikwa vitofali vya pevingi, zikapandwa nyasi na kibao cha "Usikanyage majani", zikawekwa bembea tatu, na kwenye kona ukajengwa ukumbi mzuri wenye maandishi ya bluu: KITUO CHA VIJANA. Mwembe ulikatwa ili kupisha ukumbi. Siku ya kukata utepe nilikuwepo na nilipiga makofi. Sitajifanya leo kwamba nilikuwa na hekima kuliko wengine.

Leo kituo hicho kina kufuli la shaba ukubwa wa ngumi ya mtoto. Hufunguliwa kwa ajili ya sendofu, kitchen party, kumbukumbu za marehemu na mikutano ya vikoba. Nusu ya pevingi ni maegesho ya wateja wa baa ya jirani. Bembea ni za watoto wa miaka mitano, na ni nzuri, tunashukuru. Ila mwanangu wa miaka 14 akikaa pale, makalio hayaingii.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mlijenga bila kuwauliza watakaotumia.

Mkutano wa kupitisha mchoro ulifanyika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi kijana wa miaka 15 yuko darasani, au anatakiwa awe huko. Waliohudhuria walikuwa wastaafu, wajumbe, akina mama wachache wenye genge, na mimi niliyeomba ruhusa kazini. Mshauri mwelekezi alituonyesha picha ya kompyuta: familia imetandika kitambaa kwenye nyasi, watoto wadogo wanarusha tiara, bibi na babu wako kwenye benchi. Hakukuwa na hata mtu mmoja mwenye sare ya sekondari. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba picha ile ni ya mfano tu. Sasa naona ilikuwa kweli tupu, kwa maana ndivyo mlivyojenga.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria hiyohiyo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Najua mtasema yako mabaraza ya watoto. Yapo. Tunayakumbuka kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunapowasimamisha juani wasome ngonjera mbele ya mgeni rasmi, kisha tunawapa soda na kuwarudisha nyumbani. Siku za mchoro, zabuni na makabidhiano, baraza hilo haliitwi.

Hapa pana jambo la lugha pia. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo, na mikopo haigusi mtu wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa miaka 14 ni mkubwa mno kwa bembea, ni mdogo mno kwa mkopo, na kwenye sera ya vijana hakuwemo kabisa. Maofisini wanamwita "kijana balehe", kama jina la ugonjwa. Mtaani anaitwa dogo. Kwenye mchoro wenu hakupewa hata jina.

Na msituambie kuuliza ni kazi ngumu. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka mitaa ya jiji hili la Dar es Salaam pamoja na wakazi, wakachora njia, mitaro na maeneo yanayofurika, mambo ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Nikachukua mfano huo. Kidato cha tatu tuna mada ya upimaji kwa mnyororo na tepu. Badala ya kupima kiwanja cha shule kwa mara ya mia, niliwapeleka darasa langu uwanjani. Wakapima, wakachora, kisha wakaenda kuwauliza wenzao wa mtaani, wa shuleni na walioacha shule, wangependa nini pale.

Mimi nilikuwa na hakika jibu la kwanza litakuwa goli la chuma na nyavu. La kwanza lilikuwa choo. Choo chenye mlango unaojifunga kwa ndani, na maji. La pili, mahali pa kukaa bila kununua kitu. Binti mmoja aliandika kwa herufi kubwa: BILA KUULIZWA UNAKUNYWA NINI. Mpira ulikuja baadaye, ukifuatana na soketi ya kuchajia simu. Ramani hiyo, pamoja na maelezo yao, ndiyo kiambatanisho cha barua yetu ya pili. Kama kuna aliyeifungua bahasha, tungefurahi kujua.

2. Mmewaondoa wasichana, na sidhani mlikusudia.

Mwembe ulipokatwa, rede ilikwisha. Wala hakuna aliyewakataza. Kivuli kiliondoka, mizizi ya kukalia ikaondoka, na kile kijisehemu chao cha pembeni kikaunganishwa na uwanja mmoja mpana wa pevingi. Mahali wazi kama pale, Januari na Februari jua la Dar likikaa juu ya vitofali, husimami dakika kumi. Na jua likipoa wanakuja wavulana na mpira, kwa sababu palipo wazi mwenye mpira ndiye mwenye pake. Wasichana wanapita kando ya uzio, wawili wawili, haraka.

Jiji la Vienna, Austria, lilikutana na jambo hili miaka ya 1990. Wataalamu wao waligundua kwamba wasichana wakivuka umri wa miaka tisa au kumi hivi hupotea kwenye bustani za umma, ilhali wavulana wanabaki. Kilichowaondoa ni uwanja mkubwa mmoja usiogawanyika: palipo na nafasi moja, kundi lenye nguvu huichukua. Mwaka 1999 jiji likaanza kuzipanga upya bustani mbili za wilaya ya Margareten. Hawakuweka tangazo la "wasichana karibuni". Waliongeza njia za kupita, wakaongeza taa, wakaweka viwanja vya voliboli na vinyoya, na wakaigawa nafasi kubwa kwa mimea ili pawepo na vijisehemu kadhaa. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakufukuzwa.

Vienna kuna baridi na fedha, najua. Lakini kanuni ile ndiyo ileile ya mwembe wetu. Mwembe uligawa uwanja bila mshauri mwelekezi. Uliwapa wasichana mahali pa kuona nani anakuja, pa kukaa wakitazamana, na penye njia mbili za kuondokea. Tazameni sasa benchi mlizotuwekea: zimepangwa mstari mmoja, zote zinatazama barabarani, kama za kusubiri daktari. Wasichana wanne wakikaa pale hawawezi kuzungumza bila mmoja kusimama mbele ya wengine. Siku moja nilipita nikamwona mmoja amekaa chini kwenye pevingi akiwatazama wenzake watatu kwenye benchi, sare imejaa vumbi, wanacheka. Mlinzi akaja akamwambia anyanyuke, kukaa chini ni uchafu.

3. Kufuli.

Saa mbili usiku, mkabala na kibanda cha chipsi, chini ya taa ya barabarani, kuna binti wa kidato cha tatu. Ameweka daftari juu ya kreti la soda na yeye amekalia ndoo iliyofunikwa. Anafanya hesabu za logarithimu. Kila bodaboda ikipita anaziba daftari kwa mkono ili vumbi lisiingie. Kwao ni chumba kimoja, wako sita, na mdogo wake ana homa. Mita zisizozidi hamsini nyuma yake kuna ukumbi wa manispaa wenye feni nne, taa, viti vya plastiki mia na zaidi, na maandishi ya bluu yanayosema ni wake. Taa za mbele za ukumbi huo huwa zinawaka usiku kucha. Za ndani zinasubiri harusi.

Nilimwuliza mtunza ukumbi. Ni mtu mwema, simlaumu. Alisema funguo za ukumbi anazo, lakini maelekezo ni kwamba unafunguliwa kwa risiti ya malipo tu. Na choo? Choo kimo ndani ya ukumbi.

Mnaweza kusema maktaba zipo. Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ni mahali ninapopaheshimu, mimi mwenyewe nimesomea pale. Lakini mtoto wa pembezoni mwa jiji, Mbagala au Bunju, hawezi kuifanya chumba chake cha kusomea cha jioni. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 kwa daladala, akipata konda atakayekubali apande. Kidongo Chekundu nako kuna kituo cha michezo cha vijana chenye jina la Rais mstaafu Kikwete, kilichofunguliwa mwaka 2015. Ni kizuri sana, na kiko kimoja, katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728.

Tena kuna jambo linakuja ambalo, kwa kazi yangu, halinipi usingizi. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza nao darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliotangulia watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Wizara inahangaikia madarasa na walimu, na ni haki yake. Je, saa tisa mchana kengele ikilia, makundi hayo mawili yataenda wapi hapa mtaani mpaka wazazi warudi kutoka Kariakoo saa mbili usiku? Yataenda yanakoenda ya sasa: kibanda umiza cha kuonyeshea mpira na filamu, kwenye mashine za kamari za dubwi zinazomeza sarafu za mia mbili dukani kwa mtu, au kwenye ngazi za nyumba ya watu mpaka wafukuzwe. Hizo ndizo sehemu za vijana za mtaa wetu. Zote zina mlango ulio wazi, na zote zinataka hela.

4. Maegesho.

Hapa sina maneno mengi. Nani aliikodishia baa nusu ya uwanja, kwa kikao kipi, kwa shilingi ngapi, mpaka lini? Tumeuliza mara tatu. Mkutano mkuu wa mtaa haujawahi kusomewa mkataba huo.

5. Mnawakumbuka wanapotutisha tu.

Mwaka 2022 panya road, yale magenge ya vijana waporaji, waliporudi kutusumbua, kila ofisi ya jiji hili ilikuwa na neno la kusema kuhusu watoto wa miaka 14 na 16. Tuliitwa mikutano usiku na mchana. Tukaambiwa tuwafungie ndani, tuwakague, tuwataje. Baada ya miezi michache kelele zilitulia na umri ule ukasahaulika tena. Sisemi kwamba ukumbi ukifunguliwa wizi utakwisha. Anayesema hivyo anauza mradi. Nasema hivi: tangu mwaka ule, vijana watatu wakisimama pamoja kwenye kona ya mtaa wetu, mgambo anawatawanya. Wakihamia uwanjani, mlinzi anawaambia eneo lina shughuli. Wakirudi barazani kwa watu, mwenye nyumba anamwaga maji. Mtoto wa mtu anafundishwa kila jioni kwamba kuwepo kwake ni kosa, na bado tunashangaa akijifunza kutembea usiku.

Sasa, najua mtakayotujibu. Mengine nimeyasikia kwenye korido za ofisi zenu.

Mtasema hakuna bajeti. Hatujaomba jengo jipya. Jengo lipo, mlilijenga kwa fedha ya umma, likaandikwa jina la vijana. Kufungua kufuli hakuhitaji zabuni.

Mtasema ukumbi unaingiza mapato. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa ndiyo pekee yenye uzito. Nimekaa na mtunza ukumbi tukapitia daftari lake la miezi mitatu. Shughuli za kulipia zinaanza Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku. Vikoba vinakutana Jumamosi asubuhi. Jumatatu hadi Alhamisi, kurasa ni nyeupe. Hatuwanyang'anyi harusi zenu. Hata sisi binti zetu wataolewa. Tunataka kurasa nyeupe. Mapato ya mwisho wa wiki yamlipe mtu wa kuusimamia siku hizo nne, na kinachobaki kiende kwenye mfuko wenu kama kawaida.

Mtasema wataharibu. Kati ya bembea tatu, iliyovunjika ni moja. Ilivunjwa na msimamizi wa harusi aliyeikalia ili apigwe picha, na picha hiyo anayo kila mtu wa mtaa huu. Vijana ndio walioifunga kwa waya asiumie mtoto.

Mtasema usalama: bangi, mahusiano, ugomvi. Sitadanganya, mimi pia ni mzazi na nina hofu hizo. Bangi inavutwa nyuma ya ukumbi, na baadhi ya wavutaji nimewafundisha. Lakini inavutwa pale kwa sababu nyuma ya ukumbi kuna giza, hapana mtu, na dirisha limezibwa kwa bati. Mahali penye taa, mtu mzima anayefahamika kwa jina, na wasichana ishirini wanaosoma, hapavutii wavuta bangi. Wakati ule wa mwembe wazee wa bao walikuwa ulinzi tosha, na hawakulipwa hata senti.

Mtasema mradi ulishakabidhiwa, mwenye mamlaka ni idara nyingine. Ndiyo maana barua hii tumewaandikia wote.

Kuna jibu moja zaidi, ambalo mtu mmoja alinipa nje ya ofisi kwa nia njema: "Mwalimu, vijana wa siku hizi wana simu, hawataki uwanja." Nikarudi kuwauliza. Kijana mmoja aliyeacha shule, anaosha pikipiki, alinitazama kama mtu asiyeelewa kitu. Akasema simu anakaa nayo kwa sababu ndiyo mahali pekee ambapo hajaambiwa atoke.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Ukumbi ufunguliwe kwa vijana wa miaka 13 hadi 19, Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa tisa mchana hadi saa mbili na nusu usiku, bila malipo na bila kudai sare wala kitambulisho cha shule. Walioacha shule ni wa mtaa huu pia.

(b) Choo kitolewe mlango wa nje, chenye komeo la ndani, maji na ndoo ya taka yenye mfuniko, na kiwe wazi muda wote uwanja unapotumika. Fundi wa mtaani amekagua ukuta, anasema ni kazi ya siku mbili. Tofali na saruji tutachanga.

(c) Mkataba wa maegesho usomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa unaofuata. Kama hakuna mkataba, magari yaondoke.

(d) Ipandwe miti minne ya kivuli mahali ambapo vijana wameiweka kwenye ramani yao, na benchi zing'olewe zipangwe upya, mbili zikitazamana. Miarobaini inakua upesi. Mwembe tutausubiri.

(e) Iundwe kamati ya kuusimamia uwanja na ukumbi, nusu yake wawe vijana wenyewe, na nusu ya hao vijana wawe wasichana. Vikao visifanyike saa za shule. Kijana mwenye umri wa chini ya miaka 18 asizuiwe kupiga kura ndani ya kamati hiyo kuhusu mahali anapokaa yeye.

(f) Tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30.

Kama kuna kipengele hakiwezekani, tuambieni kipi na kwa nini, tutakaa tuzungumze. Hatuna ugomvi na mtu. Baadhi yenu tumesoma pamoja, na mmoja wenu nilimfundisha mwanawe kidato cha pili, kijana msikivu sana, nisalimieni.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, vijana wataitandika ramani yao chini, juu ya pevingi za maegesho, kwa vipimo halisi: chaki ya bluu kwa benchi, nyeupe kwa miti, nyekundu kwa njia ya kuingilia chooni. Wameomba watu wazima wafike, watembee ndani ya mchoro na waseme wanachokiona. Wenye magari tumeshazungumza nao, wamekubali kupisha mpaka saa kumi na mbili. Tumewawekea viti sita kivulini mwa ukuta wa ukumbi, kwa kuwa kivuli kingine hakuna.

Watu watakuwa wengi na jua litakuwa kali, hivyo choo kitahitajika. Tunaomba mje na funguo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu na mzazi,
nyumba ya nne kutoka uwanjani,
Dar es Salaam.

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mtendaji wa Kata
Mwenye baa (kwa taarifa, na ahsante kwa kupisha)
Mtunza ukumbi (hana kosa, ila naye aisome)